Inchi 7, 10 au 12: Dakika za Nyimbo Zako Zinataka Santuri Gani?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimamia utengenezaji wa santuri za kikundi chetu kidogo cha muziki, na hadi sasa zimetoka tano, ukihesabu ile tuliyolazimika kuirudia. Nimechapisha inchi 12 kwa mwendo wa 33⅓ (yaani mizunguko 33⅓ kwa dakika), inchi 12 kwa mwendo wa 45, inchi 10 na inchi 7, kila moja kwa nyimbo za urefu tofauti, na nimezisikiliza zote mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ninachotathmini hapa ni maumbo yenyewe, wala si kiwanda fulani, kwa sababu anayetaka kutoa santuri kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza habari za rangi na jalada, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa moja tu: upande mmoja utabeba dakika ngapi?

Sikulijua hilo nilipoanza. Albamu yetu ya kwanza ilikuwa na nyimbo nane zenye jumla ya dakika 46 na sekunde 50, nasi tulitaka mpangilio ubaki uleule wa mtandaoni, wimbo kwa wimbo. Kwa hiyo upande wa kwanza ulipata dakika 26 na sekunde 10, na wa pili ukapata dakika 20 na sekunde 40. Kiwanda kilipokea mafaili yetu bila kuuliza lolote, na nakala ya majaribio ikafika baada ya wiki kadhaa. Upande wa pili ulisikika vizuri. Upande wa kwanza ulisikika kama bendi ileile ikipiga katika chumba cha jirani: besi imekonda, ngoma haina kifua, na ili kuufikisha kwenye sauti ya upande wa pili ilinibidi kuongeza kitufe cha sauti kutoka robo hadi zaidi ya nusu, jambo lililopandisha pia kila mchakarisho wa vumbi. Kibaya zaidi kilikuwa mwishoni mwa upande huo. Wimbo wa nne una kiitikio kinachoanza na neno «sasa», na kila «s» ilitoka kama kitambaa kinachochanwa.

Niliiinamisha santuri chini ya taa ya meza ili niione vizuri. Upande wa pili ulikuwa na mapigo ya mwanga yanayopanuka na kubana, mahali pa kelele pakionekana tofauti na mahali pa utulivu, na karibu na lebo palibaki ukanda laini mpana. Upande wa kwanza ulikuwa wa kijivu kisichobadilika, mfano wa hariri iliyofifia, na mistari yake ilisogea hadi karibu na karatasi ya lebo. Tatizo letu lilikuwa linaonekana kwa macho kabla hata ya sindano kushuka.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Kila upande wa santuri una mfuo mmoja tu, yaani mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na katika santuri ya inchi 12 eneo linalofaa kukatwa muziki lina upana wa takribani milimita 86. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, dakika 26 na sekunde 10 ni mizunguko 872, kwa hiyo kila mzunguko, pamoja na ukuta unaoutenga na jirani yake, hupata wastani wa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Upande wetu wa pili ulikuwa na mizunguko 689, na kila mmoja ungeweza kupata hadi milimita 0.125. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini ndiyo iliyotuharibia kazi, maana sauti kubwa, na hasa besi, huufanya mfuo uyumbe kwa upana zaidi kulia na kushoto. Mfuo ukikosa nafasi ya kuyumba, fundi anayekata hana ujanja zaidi ya kushusha kiwango cha sauti au kuipunguza besi. Mashine za kukata za kisasa husoma muziki mapema na kuibana mifuo pale palipo kimya ili kuokoa nafasi, lakini haziwezi kuumba milimita ambazo hazipo.

Hilo la nafasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kasi ambayo sindano huipita plastiki, nayo watu wengi hawaifikirii. Mizunguko kwa dakika haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa upande, lakini duara la nje ni refu na duara la ndani ni fupi. Kwenye ukingo wa santuri ya inchi 12 kwa mwendo wa 33⅓, sindano hupitia takribani sentimita 51 za mfuo kwa sekunde. Ikifika karibu na lebo, hupitia sentimita 21 tu. Muziki uleule unalazimika kuandikwa katika nafasi iliyo chini ya nusu ya ile ya mwanzo, na sauti za juu kama matoazi na herufi «s» na «sh», ambazo mawimbi yake ni mafupi, husongamana kiasi kwamba ncha ya sindano inashindwa kuyafuata mapindo yake. Ongeza kwamba kwa kanuni iliyokubaliwa katika miaka ya 1950 sauti za juu hukuzwa wakati wa kukata na besi hupunguzwa, kisha kikuza sauti cha msikilizaji hurudisha uwiano wakati wa kusikiliza, na utaelewa kwa nini kiitikio chetu cha «sasa» kilikuwa mahali pabaya kuliko pote.

Toleo la pili la albamu hiyo tuliliondolea wimbo mmoja wa dakika tano, tukagawanya nyimbo saba zilizobaki kuwa dakika 21 kwa upande, na wimbo wa kiitikio kile tukaufungulia upande wa pili. Ni rekodi ileile, lakini asiyejua angedhani tumerudi studio.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya inchi 12 kwa mwendo wa 33⅓ ni hii: ni umbo bora kwa albamu yenye dakika 30 hadi 42 kwa jumla, na hadi dakika 44 kama muziki si mzito wa besi. Dakika 18 kwa upande ni raha tupu. Dakika 22 ni mpaka ambao ningeusogelea kwa tahadhari, na kuanzia 24 na kuendelea ningetaka kusikia sababu nzuri. Sababu nzuri zipo, kwa sababu muziki wa ala chache zisizo na ngoma hukatwa kwa kiwango cha chini bila kupoteza tabia yake, na zipo santuri za muziki wa klasiki zinazozidi dakika 25 kwa upande na bado zinapendeza. Bendi ya dansi yenye besi nzito isijilinganishe nazo. Umbo hili, ambalo kampuni ya Columbia ililiingiza sokoni nchini Marekani mwaka 1948 ili kuziokoa simfonia zisikatwekatwe vipande vya dakika nne nne za santuri za mwendo wa 78, ndilo lililoizoesha dunia urefu wa albamu, na si ajabu kwamba albamu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina dakika kati ya 35 na 45. Hizo ndizo dakika zilizoenea.

Nikiulizwa nichague moja kwa ajili ya masikio peke yake, nitachagua inchi 12 kwa mwendo wa 45 bila kusita. Tulikuwa na nyimbo nne zenye jumla ya dakika 23, idadi ya ajabu ambayo kwa albamu ni chache na kwa santuri ndogo ni nyingi mno, nami nilitaka kuzikata kwa mwendo wa 33⅓ kwa mazoea tu. Fundi aliyekata ndiye aliyenishauri vingine. Mwendo wa 45 huipa sindano sentimita 69 kwa sekunde kwenye ukingo, na kwa kuwa dakika kumi na moja au kumi na mbili hazilazimishi mfuo kusogea hadi kwenye lebo, hata sehemu ya mwisho ya upande ilibaki na kasi ya zaidi ya sentimita 35. Matoazi yalisikika kama shaba, kinanda kilikuwa na hewa, na kwa mara ya kwanza sikuweza kutofautisha wimbo wa kwanza na wa mwisho kwa uchovu wa sauti. Gharama yake ni nafasi: dakika 12 kwa mwendo wa 45 ni mizunguko 540, karibu sawa na dakika 16 kwa mwendo wa 33⅓. Ndiyo maana umbo hili halina subira na nyimbo ndefu. Dakika 10 hadi 12 kwa upande ni mahali pake hasa, dakika 15 ni ukomo wa heshima, na zaidi ya hapo unaupoteza ule utamu uliokufanya ulichague umbo hili.

Umbo hilo lilizaliwa kwa bahati, na kisa chake kinafaa kusimuliwa hapa kwa sababu ni somo la nafasi. Katika miaka ya 1970, mchanganyaji wa muziki wa disko Tom Moulton alikwenda kukatiwa nakala ya wimbo na fundi José Rodriguez, wakakuta sahani tupu za inchi 7 zimekwisha. Kama Moulton mwenyewe alivyosimulia, walitumia sahani ya inchi 10, naye akaona ni kichekesho ule mkanda mwembamba wa mifuo ukikaa peke yake ukingoni huku sehemu kubwa ikiwa tupu. Akaomba mifuo itawanywe na sauti ipandishwe. Sauti iliyotoka iliwashangaza wote wawili, na haikuchukua muda mrefu kabla ya sahani za inchi 12 zenye wimbo mmoja kwa upande kuwa chombo cha kazi cha kila mchezesha muziki katika kumbi za dansi.

Dosari moja ya inchi 12 kwa mwendo wa 45 haiko kwenye santuri bali kwa watu. Msikilizaji huona sahani kubwa, anaiweka kwa mwendo wa 33⅓ bila kufikiri, na muziki unashuka kwa karibu nusutoni tano. Rafiki mmoja aliniandikia kwa upole kuuliza kama mwimbaji wetu alikuwa mgonjwa siku ya kurekodi. Andika mwendo kwenye lebo kwa herufi kubwa, na ukiweza uandike kwenye jalada pia.

Inchi 7 ni umbo ninalolipenda na nisiloliamini. Uzuri wake ni wa kweli: wimbo mmoja, upande mmoja, hakuna pa kujificha. RCA Victor iliitoa mwaka 1949 kwa mwendo wa 45, na tangu hapo wimbo wa dakika tatu na santuri hii vimekuwa pete na kidole. Lakini eneo lake la kukata lina upana wa takribani milimita 30 tu, na lote liko ndani, pale ambapo santuri ya inchi 12 huwa imeshaanza kuchoka. Kwa mwendo wa 45 sindano huanza na sentimita 40 kwa sekunde na kumalizia na 25, kasi ambayo inatosha vizuri. Dakika nne huipa kila duara la mfuo milimita 0.167, nafasi ya kifahari. Dakika tano huishusha hadi 0.133, nayo bado inavumilika. Dakika sita huishusha hadi 0.111, na hapo tayari unaukaribia msongamano wa ule upande wetu ulioharibika.

Santuri yetu ya inchi 7 ilikuwa na wimbo wa dakika 4 na sekunde 5 upande mmoja, na mwingine wa dakika 5 na sekunde 50 upande wa pili. Wa kwanza unarusha watu vitini. Wa pili ni mzuri ukiusikiliza peke yake, lakini ukiugeuza tu baada ya wa kwanza unahisi kama mtu amefunga mlango katikati. Ningeweza kuukata kwa mwendo wa 33⅓ na kupata nafasi, ila sikuthubutu, kwa sababu kwa mwendo huo inchi 7 huanza na sentimita 29 kwa sekunde na kumalizia chini ya 19. Yaani ukingo wake wa nje ni sawa na sehemu ya ndani ya albamu, na wa ndani ni mbaya kuliko chochote ambacho albamu hufikia. Kwa hotuba, ushairi au muziki wa gitaa moja mtu anaweza kukubali. Kwa bendi nzima, hapana.

Nitaambiwa kwamba mwaka 1968 The Beatles walitoa santuri ya inchi 7 yenye wimbo unaozidi dakika saba, na dunia nzima ikaununua. Ni kweli, na inathibitisha kwamba inawezekana. Hata hivyo mafundi waliokata kazi za namna hiyo walijua ni wapi pa kushusha na wapi pa kuacha, na muziki wenyewe ulikuwa umechanganywa kwa zama ambazo besi haikuwa mfalme. Mwenye wimbo wa dakika saba leo ana njia mbili za uaminifu: aukate nusu kama zile santuri kuukuu zilizoandikwa «sehemu ya kwanza» na «sehemu ya pili», au ahamie inchi 12. Kufupisha wimbo kwa ajili ya santuri ni njia ya tatu, nami sina ugomvi nayo iwapo dakika mbili za mwisho ni gitaa linalozungukazunguka tu.

Inchi 10 nitaipitia haraka, kwa sababu sifa zake nyingi ni za macho. Ukiishika mkononi inapendeza ajabu, na kwa nyimbo zetu sita zenye dakika 25 ilionekana kana kwamba imekatwa kwa kipimo chetu. Inabeba vizuri dakika 12 hadi 13 kwa upande kwa mwendo wa 33⅓, au dakika 9 kwa mwendo wa 45. Sauti yetu ilitoka safi. Lakini viwanda vinavyoichapa ni vichache kuliko vya inchi 12, mara nyingi haigharimu kidogo kuliko ndugu yake mkubwa, na dakika zilezile 25 zingekaa kwenye inchi 12 kwa mwendo wa 33⅓ zikiwa na nafasi ya kujinyoosha na zikaishia mbali na lebo. Nikiulizwa na mtu mwenye bajeti ndogo nitamwambia asiichukue. Nikiulizwa na mtu anayetaka kitu cha kuwekwa kwenye rafu mbele ya vingine, nitanyamaza.

Watu huniuliza pia kuhusu santuri nzito za gramu 180, wakidhani uzito unaongeza nafasi au nguvu ya sauti. Mfuo haukatwi kwa kina zaidi kwa sababu plastiki ni nene. Uzito unaipa sahani uthabiti na hadhi mkononi. Dakika unazozipata ni zilezile.

Jambo ambalo lina faida kubwa kuliko uzito, na halina gharama yoyote, ni mpangilio wa nyimbo. Huduma za mtandaoni hazijali wimbo upi unakuja mwisho, santuri inajali sana. Weka nyimbo zenye kelele, matoazi na sauti kali za waimbaji mwanzoni mwa kila upande, na zile tulivu, zenye sauti za katikati na kumalizika taratibu, uziweke ndani. Pande zikaribiane kwa urefu, kwa sababu upande mrefu ndio unaoamua kiwango cha sauti cha santuri nzima kama hutaki msikilizaji ainuke kurekebisha kitufe kila anapogeuza. Hesabu pia ukimya kati ya nyimbo, maana sekunde tatu kati ya nyimbo tano ni sekunde kumi na mbili za mfuo. Na umwombe anayechanganya sauti aiweke besi katikati ya stereo. Besi inayotofautiana sana kati ya spika ya kulia na ya kushoto huifanya sindano iruke juu na chini badala ya kuyumba kandokando, na hapo fundi atalazimika kuirekebisha mwenyewe kwa mkono mzito kuliko ambavyo ungependa.

Usione haya ya upande mfupi. Tulipopeleka kazi ya inchi 12 kwa mwendo wa 45, mmoja wetu aliuona ukanda mpana wa plastiki tupu karibu na lebo akalalamika kwamba tumelipia santuri nzima na kutumia theluthi mbili. Nilimwekea wimbo wa mwisho wa upande huo, kisha wimbo wa mwisho wa ule upande wa dakika 26 wa albamu yetu ya kwanza. Hakulirudia lalamiko lake.

Kazi iliyo mezani kwangu sasa ni ya nyimbo sita zenye dakika 31 kamili. Ni ndefu mno kwa mwendo wa 45 na fupi vya kutosha kwa 33⅓, kwa hiyo nimeagiza inchi 12, dakika 15 na nusu kwa kila upande. Nikimwachia fundi milimita 0.14 kwa kila mzunguko, mfuo utaishia sentimita 7.4 kutoka katikati, mahali ambapo sindano bado inapita takribani sentimita 26 kwa sekunde. Wimbo wa kinanda pekee, usio na ngoma wala matoazi, nimeuweka hapo.